Mto Usiotaka Taa: Historia Fupi ya Mwanga Ndani ya Maji, Kutoka Tanganyika Hadi Boyoma

Ndugu wahitimu, na ninyi wadogo zetu ambao bado mnahangaika na mitihani,

Kuna wazo moja ambalo halifi kati ya vijana wa Kisangani wanaopenda kutengeneza vitu. Unachukua LED ya pikipiki, unaiingiza ndani ya chupa ya mayonezi, unaziba kifuniko kwa silikoni, unaunganisha waya na bateri ya volti 12, unafunga jiwe chini, unazamisha. Basi! Una taa ya kuzamia usiku, na hukununua kitu kutoka Ulaya. Wengine wanataka kuona samaki, wengine wanafikiria wazamiaji wa dhahabu na almasi, na wengine wanataka tu kujua kama inawezekana.

Inawezekana. Mwishoni nitasema namna gani. Lakini kabla ya silikoni kuna swali la historia ambalo tunaliruka kila mara. Wagenia wako kwenye maporomoko yetu tangu vizazi na vizazi. Stanley alipopita hapa Januari 1877, wavuvi wa mto huu walikuwa tayari wanayajua maji haya kama mtu anavyojua njia ya nyumbani kwake. Moto walikuwa nao. Mitumbwi walikuwa nayo, tena mikubwa. Wakati huohuo, mashariki, kwenye Ziwa Tanganyika, watu walikuwa wanavua usiku kwa mwanga. Sasa kwa nini uvuvi mkubwa wa Boyoma haukujengwa juu ya mwanga?

Jibu rahisi ambalo wengi wetu tunalibeba kichwani bila kusema ni kwamba wale wa ziwa "waliendelea" na wetu "walibaki nyuma". Mimi nasema jibu hilo ni la uongo. Tutazame moja moja.

Tuanze ziwani. Kabla ya taa yoyote ya dukani, wavuvi wa Tanganyika waliwasha moto wa kuni au wa matete mbele ya mtumbwi, usiku usio na mwezi. Dagaa, ambao sisi huku Kongo tunawaita ndakala, walipanda kufuata mwanga. Mvuvi akawachota na lusenga, wavu wenye umbo la faneli uliofungwa kwenye mti mrefu. Kazi ilikuwa ya mtu mmoja au wawili, na moto ulikuwa unakula kuni si kidogo.

Kwa nini samaki wanafuata mwanga? Vijidudu vidogo vya majini vinakusanyika penye mwanga, na ndakala wanavila. Halafu wakubwa kama mukeke wanakuja kuwala ndakala. Yaani taa inaandaa meza, na wageni wanajileta wenyewe. Lakini meza hiyo inataka vitu viwili: giza juu, na maji safi chini. Giza linatoka kwa mwezi. Ndiyo maana hadi leo wavuvi wa dagaa wanahesabu siku zao kwa giza, na mbalamwezi ikijaa wengi wanabaki pwani kushona nyavu, na bei sokoni inapanda. Maji safi wamepewa na ziwa lenyewe. Tanganyika ni kati ya maziwa yenye maji maangavu sana duniani. Mahali pengi mtu anaona kitu cheupe kilichozama zaidi ya mita 10. Mwanga wa moto mdogo, ukiwa juu ya mtumbwi tu, unashuka mbali sana katika maji ya namna hiyo.

Halafu ikaja taa. Pwani ya Waswahili wanaiita karabai, na jina hilo peke yake ni somo la historia. Linatokana na kabaidi, yale mawe ambayo yakiguswa na maji yanatoa gesi inayowaka kwa mwanga mweupe. Baadaye zikaja taa za presha, zinazotumia mafuta ya taa na soksi, kama zile za Petromax, lakini watu wengi hawakubadili jina. Kabaidi iliondoka, karabai ikabaki. Ukikuta neno limekaa namna hiyo, ujue chombo kiliingia ndani ya maisha ya watu na si dukani tu.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyogeuza mambo. Wavuvi Wagiriki walileta nyavu kubwa za kuzungusha upande wa kaskazini wa Tanganyika, na taa za presha zikawa chombo cha biashara. Karibu wakati huohuo ukaingia mtindo wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na wavu wa kuinua katikati: taa inaning'inia juu ya maji, samaki wanakusanyika, wavu unapandishwa kutoka chini. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, Wabelgiji walichukua ndakala wachanga kutoka Tanganyika wakawapeleka Ziwa Kivu, ambako hakukuwa na samaki wa namna hiyo katikati ya ziwa. Aina moja, ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ikashika. Ndiyo hiyo watu wa Bukavu na Goma wanaiita sambaza. Hebu fikiria: samaki alihamishwa, na uvuvi wa taa ukamfuata. Leo mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu inatoka jioni kwenye Kivu, na usiku ziwa linaonekana kama mji mwingine umewashwa juu ya maji.

Lakini angalia kitu kimoja. Katika historia hii yote, kuanzia kuni hadi karabai, taa iko juu ya maji. Haijaingia. Moto hauingii majini, na yeyote aliyejaribu alilipa kwa jasho. Mwaka 1893 Mfaransa Louis Boutan, mwanabiolojia, alitaka kupiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer. Wenzake walimtengenezea taa ya ajabu: pipa kubwa lililojaa oksijeni, juu yake kengele ya kioo, ndani ya kengele taa ya spiriti, na kifuko cha mpira cha kupulizia unga wa magnesi kwenye moto ili uwake kama radi. Hiyo pia ilikuwa taa ya kujitengenezea! Ilikuwa nzito, na ilikuwa inasumbua. Mwaka 1899 Boutan alirudi na taa za umeme zilizofungwa ndani ya masanduku yasiyopitisha maji, na bateri zake, akapata picha kwenye vilindi ambavyo jua halitoshi. Kuanzia hapo njia ilijulikana: moto unakaa juu, umeme unaweza kushuka.

Umeme ulipokuwa mdogo kiasi cha kushikwa mkononi, taa ya majini ikafika kwa mvuvi wa kawaida. Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, wazamiaji wa majongoo bahari walianza kuzama usiku na tochi, kwa sababu baadhi ya majongoo hutoka mafichoni giza likiingia. Mbali zaidi, katika Visiwa vya Solomon, tochi za majini zilifanya jambo ambalo kila mtengeneza taa anapaswa kulijua. Kuna samaki mmoja wa jamii ya pono, mkubwa, mwenye nundu kwenye paji la uso, ambaye hulala usiku kwenye maji mafupi, makundi kwa makundi. Waswahili wa pwani walishamjua pono zamani. Mtu mwenye usingizi mzito anaambiwa ana usingizi wa pono. Mchana samaki huyo ni mwoga, kumkaribia ni kazi. Usiku, mtu mwenye tochi na mkuki anamchoma akiwa amelala. Ndani ya miaka michache sehemu nyingi zilizokuwa na pono hao zilibaki tupu. Na bahari ilikuwa ileile, na mkuki ule ule wa zamani. Kilichoongezeka ni mwanga.

Tanganyika nayo imeonja hilo kwa njia yake. Taa za LED za bei ndogo na bateri za kuchajiwa zimepunguza gharama ya mafuta, jambo zuri kabisa kwa mvuvi. Lakini taa nyingi juu ya ziwa moja maana yake ni meza nyingi na wageni walewale. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaa. Ukiona nchi inafunga ziwa, ujue chombo kimefanya kazi yake vizuri kupita kiasi.

Sasa turudi nyumbani.

Mto wetu unafika Kisangani baada ya kupita maporomoko saba kutoka Ubundu, karibu kilomita 100 za maji yanayogongana na mawe. Umebeba udongo, na umebeba kitu kingine ambacho ni muhimu zaidi kwa hadithi yetu: maji ya msitu. Majani na mizizi iliyooza inatoa rangi, kama majani ya chai kwenye sufuria. Chota maji ya Tshopo ndani ya glasi, yainue juani, utaona mwenyewe. Rangi hiyo ndiyo inayomeza mwanga.

Na inaumeza kwa utaratibu wa pekee. Katika maji maangavu, kama ya Tanganyika, rangi nyekundu ndiyo inayokufa kwanza, ndani ya mita chache tu, na bluu ndiyo inayoshuka mbali. Katika maji ya rangi ya chai ni kinyume: bluu ndiyo inayoliwa kwanza, na kile kinachosogea mbele kidogo ni njano na nyekundu. Kwa hiyo ile LED nyeupe inayoelekea bluu, ambayo imejaa sokoni, ndiyo mbaya zaidi kwa mto wetu. Halafu kuna udongo. Kila chembe inarudisha mwanga machoni pako, kama taa za lori ndani ya vumbi la barabara. Ukiongeza nguvu ya taa, unaongeza ukuta mweupe mbele ya uso wako.

Wagenia hawakuhitaji kitabu kujua hilo. Angalia walichojenga badala yake. Walisimamisha miti mikubwa ndani ya matundu ya mawe, wakaifunga kwa kamba za msituni, wakaning'iniza mitego mikubwa ya kusukwa, yenye umbo la faneli, mdomo wake ukitazama mkondo. Maji yanaleta samaki, maji yanamwingiza, maji yanamzuia kutoka. Mvuvi anaenda kukagua. Hakuna meza ya kuandaa wala mwezi wa kuogopa. Ziwani mkondo hauna nguvu ya kukuletea samaki, kwa hiyo walitafuta kitu cha kuwavuta, wakapata mwanga. Hapa mkondo unaua mtu, kwa hiyo waliutumia wenyewe kama mfanyakazi. Lusenga na mtego wa Wagenia, ukitazama vizuri, vina umbo karibu moja. Tofauti ni nani anayesukuma: kule ni mkono, huku ni mto.

Basi mtu akikuambia kwamba mababu zetu hawakuwa na wazo la taa, mjibu kwamba walikuwa na wazo la maji.

Kuna kundi moja ambalo swali la taa linawahusu hadi roho, nao ni wazamiaji wa madini. Katika mito ya Kongo vijana wanashuka chini kutafuta almasi na dhahabu, wakipumua hewa ya kompresa kupitia mpira mrefu, wakijaza changarawe kwenye mifuko. Kwao mchana na usiku ni kitu kimoja. Saa sita mchana, mita chache chini, mkono wao wenyewe hawauoni. Wanafanya kazi kwa kugusa. Tunaweza kusema kwamba kila mzamo wao ni mzamo wa usiku.

Mtu mwenye moyo mzuri atasema: tuwape taa! Lakini ukiwa umefuata historia hii hadi hapa, unaona shida. Katika maji yale taa itawaonyesha urefu wa mkono, pengine pungufu. Haitawaonyesha jiwe linalotaka kuanguka wala mkondo unaogeuka. Wanachohitaji kwanza ni kompresa ambayo haivuti moshi wa injini yake yenyewe, kwa sababu moshi huo una sumu isiyo na harufu, na mtu anaweza kulala chini asiamke. Wanahitaji kamba ya usalama mwilini na mwenzao juu anayejua maana ya kuvutwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Taa yenye manufaa kwao ni ile iliyo juu, kwenye mtumbwi, ili anayeshika kamba na kompresa aone anachofanya jioni. Mhandisi anayewaletea taa ya chini kabla ya kamba amejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Lakini sikusema tusitengeneze. Nasema tuanze pale walipoanza wenyewe wa maji, yaani kwa kuyajua maji. Na kuna kipimo cha bure. Mwaka 1865 padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alizamisha sahani nyeupe baharini kutoka kwenye meli ya Papa, akapima kina ambacho sahani inapotea machoni. Hadi leo wanasayansi wa maziwa wanatumia sahani ya Secchi. Wewe chukua sahani nyeupe ya mama, kamba yenye alama na jiwe. Ikipotea kwenye mita 10, taa yako ina maana. Ikipotea kabla ya mita moja, weka silikoni yako akiba, au itumie taa hiyo mahali pengine: kwenye bwawa la samaki lenye maji safi, kwenye kisima, kwenye kijito cha msituni wakati wa kiangazi.

Na ukiamua kutengeneza, haya ndiyo mambo yanayofanya taa nyingi kufa usiku wa kwanza.

Kila mita 10 za maji zinaongeza karibu kilo moja juu ya kila sentimita mraba. Kifuniko chenye upana wa sentimita 7 kina eneo la sentimita mraba 38 hivi, kwa hiyo kwenye mita 10 kinabeba kama kilo 38. Kifuniko chenyewe kinaweza kuvumilia, kwa sababu maji yanakikandamiza kwenye mdomo wa chupa. Adui ni tundu la waya. Maji yanapita hapo, na yanaweza hata kupita ndani ya ngozi ya waya kama kwenye mrija. Njia nzuri ni kuacha kabisa kuiweka hewa ndani: mwagia LED na kiungo cha waya gundi ngumu ya epoksi, au jaza chupa mafuta maangavu hadi juu. Kimiminika hakikandamiziki kama hewa, kwa hiyo maji ya nje hayana nafasi ya kusukuma kuelekea ndani. Mpira wa ndani wa baiskeli, wa toleka lililostaafu, unafaa sana kwa kufunga kifuniko kwa nje.

Chupa ya lita moja yenye hewa inaelea. Inahitaji jumla ya kilo moja na zaidi ili izame. Kabla ya kuweka LED, weka karatasi kavu ndani, izamishe usiku mzima, asubuhi uikague. Usiache LED yenye nguvu ikiwaka nje ya maji, maana maji ndiyo yanayoipoza. Na hili silisemi kwa utani: bateri ya volti 12 inakaa juu, kwenye mtumbwi, na taa hiyo haiunganishwi kamwe na jenereta wala na umeme wa nyumba. Volti 220 ndani ya maji haina mwanafunzi wala profesa.

Mji wetu una umeme wa maporomoko ya Tshopo tangu miaka ya 1950, na bado usiku mwingi tunakaa gizani. Labda ndiyo maana ndoto ya taa inatushika sana, hata tunataka kuipeleka chini ya mto. Si vibaya. Ila wale wa Tanganyika walipata taa kwa sababu walijua ziwa lao, na Wagenia waliiacha kwa sababu walijua mto wao. Wote walikuwa wahandisi. Sisi wenye diploma tukitaka kuwa wa ukoo wao, tuzamishe sahani kwanza.

Kama baba au babu yako alivua kwa taa Uvira, Kalemie, Bukavu au Goma, muulize taa ile waliiitaje kwao, na mafuta waliyatoa wapi. Muulize mapema, ndugu yangu. Mambo hayo hayako kwenye maktaba yetu, na wazee hawatungoji.